Uzoefu wangu: madirisha ya mbao na jiko la nyuma, nyumba ya safu Reading

Nyumba yetu iko Reading, Uingereza, katika safu ya nyumba ndogo za matofali mekundu na ya kijivu, zilizojengwa enzi za Malkia Victoria, wakati mji huu ulipokuwa maarufu kwa biskuti za Huntley & Palmers. Zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mtaa mzima ni eneo la hifadhi ya majengo ya kale. Tulipoinunua, madirisha matatu ya mbele yalikuwa bado ya asili: fremu mbili za mbao zenye kioo, moja juu na nyingine chini, zinazopanda na kushuka kwa kamba na kapi. Moja lilikuwa limepigiliwa misumari. Siku za baridi pazia lilitikisika na dirisha limefungwa, na mtoto wetu ndiyo kwanza ana miezi minane.

Naandika kwa sababu ndugu na marafiki wanaonunua nyumba za aina hii wananiuliza nilifanyaje. Fundi wa madirisha nampa nyota tano. Kazi ya jiko la nyuma ina maneno mengine, nitayasema.

Kwanza alikuja muuzaji wa kampuni ya madirisha ya plastiki. Alikaa dakika ishirini, akapima kwa futi, akanitajia paundi 900 kwa kila dirisha, na hakulifungua hata moja. Nikamuuliza kuhusu kibali, akasema si lazima. Hapo roho ilikataa. Nimekulia Mji Mkongwe, Zanzibar, najua huwezi tu kuamka ukang'oa dirisha la watu wa kale ukapachika la aluminiamu. Nikaipigia simu halmashauri. Kumbe kuwa ndani ya eneo la hifadhi peke yake hakumzuii mwenye nyumba kubadilisha madirisha, mradi ya mapya yafanane na ya zamani. Lakini mtaa wetu umewekewa agizo la Kifungu cha 4, linaloondoa ruhusa hiyo kwa upande unaotazama barabara. Ningeweka yale ya plastiki, ningeamriwa kuyatoa kwa gharama zangu. Basi ukiwa na nyumba ya namna hii, swali la kuiuliza halmashauri ni hilo: je, mtaa wangu una agizo la Kifungu cha 4? Usimuulize anayekuuzia.

Fundi seremala nilimpata kwa jirani. Alifika asubuhi, akaomba chai, akatoa kisu kidogo mfukoni. Akaanza kuchoma mbao, taratibu, kila baada ya inchi mbili. Sehemu kubwa kisu kiligota, tak, tak. Kwenye kona ya kushoto ya kizingiti cha chini kikazama mpaka mpini. Akanigeukia akasema: hapa pameoza, kwingine kote ni pazima. Akanionyesha ncha ya ubao alipokwangua rangi, mistari ya umri wa mti imebanana kama kurasa za kitabu. Msonobari uliokua polepole, akasema, mbao za sokoni siku hizi hazifikii hizi. Kisha akaniambia nisinunue madirisha mapya ya mbele. Mtu huyu angeweza kunitengenezea mapya kwa paundi 2,400 kila moja, na alinipa bei ya kuyakarabati, paundi 950.

Nilimsubiri miezi minne. Ndiyo kasoro yake kubwa, mafundi wa kazi hii ni wachache na wana foleni. Alipoanza, alifunika chumba chote kwa nailoni na kutuambia mtoto asiingie, kwa sababu rangi za zamani zina madini ya risasi. Alizisugua zikiwa zimeloweshwa ili vumbi lisiruke. Mbao iliyooza aliikata, akaunga kiraka cha mbao ngumu kwa gundi, na baada ya rangi hata mimi nikijua kilipo naona shida kukitambua.

Kitu ambacho sitakisahau ni mizani. Ndani ya ukuta, pembeni mwa dirisha, kuna sanduku refu la mbao lenye vyuma vya uzito vinavyoning'inia kwenye kamba. Alikifungua kijimlango chake, akatoa chuma kimoja kizito, chenye kutu, kimejaa masizi. Akaniomba mizani yetu ya bafuni. Akaipima fremu ya juu pamoja na kioo chake, kisha vyuma vyake. Akanieleza kwamba vyuma vya fremu ya juu vinatakiwa kuzidi kidogo uzito wa fremu, ili ikae juu isishuke yenyewe. Na vya fremu ya chini vipungue kidogo, ili ikifungwa ikae imefungwa. Alikuta kuna mtu aliwahi kubadilisha kioo kwa kingine kizito na asiongeze uzito. Hiyo ndiyo sababu ya ile misumari! Akaongeza kipande cha risasi, akafunga kamba mpya, na leo nalifungua kwa vidole viwili huku nimembeba mtoto.

Vioo vya zamani alivibakiza. Vina mawimbi, ukisogeza kichwa, bomba la moshi la nyumba ya ng'ambo linapinda kama liko majini. Alichonga mfereji mwembamba kwenye kingo za fremu akapachika brashi ya kuzuia upepo. Kwa chumba cha mtoto tuliongeza kioo cha pili kwa ndani, chenye fremu yake, na hicho ndicho kilichopunguza kelele za mabasi. Vyumba vingine kelele ipo bado, na ubaridi haujaisha kama ambavyo ungeisha kwa vioo viwili vya kisasa. Lakini pazia limetulia.

Sasa jiko. Nyumba hizi kwa nyuma zina umbo la L: jiko jembamba limejitokeza, na pembeni yake kuna kichochoro. Tulitaka kukiezeka kichochoro tupate sehemu ya meza. Mchora ramani tuliyemlipa, simtaji, alituhakikishia kwamba ghorofa moja isiyozidi mita 3 kwenda nyuma haihitaji kibali kwa nyumba ya safu. Kwa kwenda nyuma ni kweli. Ila kuziba kichochoro kunahesabika kuwa ni kupanua kwa ubavuni, na ndani ya eneo la hifadhi ubavuni hakuna ruhusa ya moja kwa moja. Halmashauri ilitukatalia cheti cha kuthibitisha kwamba ujenzi hauhitaji kibali, ada ikapotea, tukaanza upya na ombi kamili. Muda wa kawaida wa majibu ni wiki 8, yetu yalifika ya 11. Niliumia sana, kwa kuwa sheria hiyo imeandikwa wazi na kazi yake ilikuwa kuijua.

Kibali kilikuja na masharti: matofali ya zamani yaliyookolewa yanayolingana na yetu. Wajenzi walifanya kazi nzuri. Kabla ya kuchimba, Sheria ya Kuta za Pamoja ya mwaka 1996 inakutaka umpe jirani taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla, ukichimba ndani ya mita 3 kutoka jengo lake na ukashuka chini ya msingi wake. Jirani yetu ni bibi wa miaka themanini na kitu. Nilimpelekea barua mwenyewe, nikakaa naye jikoni kwake, nikamwonyesha ramani, tukapiga picha za nyufa alizokuwa nazo tayari ili baadaye asiwepo wa kubishana. Ana siku 14 za kujibu, alisaini palepale.

Wiki za mvua za Novemba dirisha la chini lilianza kukwama. Nilimpigia fundi, akaja Jumamosi, akasugua kingo kwa kipande cha mshumaa, akalipandisha na kulishusha mara kumi mpaka likalainika. Hakunitoza kitu.