Shule ya chata hapa Houston: nyota tatu, ya nne kaondoka nayo ticha wa hesabu

Mwaka wa pili huu watoto wangu wawili wako shule ya chata, na kila siku naulizwa na wabongo wenzangu kama ni nzuri, basi leo naandika mara moja yaishe. Jina la shule sitaji.

Kwa wageni: chata sio praiveti, ni shule ya umma inayojiendesha yenyewe nje ya distrikti, yaani ile mamlaka ya shule za kawaida za serikali. Ada hakuna, hela inatoka jimboni, na waombaji wakizidi nafasi wanachezesha bahati nasibu kama ya grini kadi vile. Basi la njano ndo hatuna, kila asubuhi niko kwenye foleni ya magari na chai yangu mapajani.

Sasa walimu. Mwanzo wa mwaka binti alitoa kwenye begi karatasi yenye majina ya walimu wote, huyu ana digrii gani, huyu ana leseni ya ualimu au hana. Nikaisoma mara mbili maana wengi hawana! Nikajua hapa tumepigwa, nikaenda mpaka kwa sekretari, akacheka, akasema mama hiyo ndo sheria ya Texas, ticha wa chata anatakiwa awe na digrii basi, leseni ni lazima kwa wa watoto wenye mahitaji maalum na wale wanaofundisha watoto wanaojifunza Kiingereza. Na hiyo karatasi yenyewe ni sheria, mzazi lazima apewe. Kumbe kabla ya sheria mpya ya 2013 hata digrii hawakudai, ukimaliza haiskuli tu unaingia darasani. Aisee.

Ila msinielewe vibaya. Ticha wa sayansi wa kijana wangu hana leseni, alikuwa injinia kwenye mambo ya mafuta huko. Siku moja kaja na valvu ya bomba, nzito hiyo, kaiweka mezani watoto wakaifungua nati moja moja mpaka wakaona presha inazuiwa wapi. Kijana kurudi nyumbani anataka spana afungue sinki langu. Mtu kama huyo hata mimi ningekuwa mkuu wa shule ningemchukua bila kuuliza cheti.

Kilichonichosha ni hesabu. Mpaka Krismasi binti kashapitia maticha watatu! Chata hawabanwi na kima cha chini cha mshahara wa walimu cha jimbo wala mikataba ile ya distrikti, kwahiyo mkuu akimchoka mtu anamtoa fasta, na mtu naye akipata pazuri anaaga Ijumaa Jumatatu hayupo. Binti kaacha hata kushika majina, anasema tu "yule wa sasa". Na wako 27 darasani, ile sheria ya watoto 22 mpaka darasa la nne chata haiwahusu. Halafu mtihani wa jimbo, STAAR, anafanya ule ule wa wenzake wa distrikti.

Jimbo linasema waacheni waajiri wanavyotaka, wakifeli miaka mitatu mfululizo tunafunga. Sawa, lakini miaka mitatu kwa mtoto si ndo nusu ya elementari yote jamani, nani atamrudishia?

Kwahiyo ukienda kuangalia shule achana na rangi ya ukuta na kompyuta mpya, uliza maticha wangapi wa mwaka jana bado wapo. Mi sikuuliza.

Ticha wa Kiingereza wa binti ndo yule yule miaka yote miwili, na leseni anayo. Alimpokea mtoto hafungui mdomo darasani, leo nikiongea na watu wa bima kwenye simu ananivuta nguo, "mama sio hivyo, sema hivi".

Kijana anabaki. Binti nimeshamwandikisha distrikti kwa Agosti, ila huyo ticha wa Kiingereza bado sijamwambia, kila nikimwona getini najifanya natafuta funguo.