Quartzsite, Arizona: soko la mawe la Januari kwa mkata vito wa Dar

Mfanyabiashara wa vito wa Dar es Salaam akisikia Arizona, akili inakwenda Tucson, kwenye maonyesho yake ya vito. Kwa anayeshughulika na tanzanaiti au spineli ya Mahenge iliyokwisha kukatwa, hiyo ndiyo njia sahihi, maana wanunuzi wakubwa wako kule. Lakini anayetafuta mashine ya kukatia, bledi za almasi, magurudumu ya kusagia na mawe ya kuchonga yanayouzwa kwa uzito, Quartzsite inamfaa zaidi, na ni mji ambao wengi wetu tunaupita bila kuujua ingawa uko kwenye barabara ileile ya I-10.

Mji wenyewe ni mdogo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 2,413. Uko kwenye makutano ya I-10 na US 95, kilomita zipatazo 200 magharibi ya Phoenix, karibu sawa na safari ya Dar hadi Morogoro. Januari na Februari jangwa linalouzunguka hujaa magari ya kuishi, na viwanja vya mawe hufunguka kimoja baada ya kingine: Tyson Wells, Desert Gardens, na kile cha Quartzsite Improvement Association kinachoitwa Pow Wow, mwishoni mwa Januari. Ukiwa na muda wa kiwanja kimoja tu, chagua Pow Wow. Huko unakuta wakataji wenyewe, watu wanaokuuzia bamba la jiwe na kukueleza walilikata kwa bledi gani. Jihadhari na siku ambazo maonyesho ya magari ya kuishi nayo yanaendelea, kwa sababu foleni ya mji wenye barabara chache kiasi hicho inakula nusu siku.

Malazi ndiyo udhaifu wake mkubwa. Hoteli ni chache na hujaa mapema. Wengi hulala Blythe, kilomita kama 32 magharibi, ng'ambo ya Mto Colorado. Angalia saa: Blythe iko California, na majira ya baridi iko nyuma ya Quartzsite kwa saa moja, kwa hiyo ukiondoka huko saa mbili asubuhi unafika saa tatu na nusu kwa saa ya sokoni. Mwenye gari la kuishi anaweza kuegesha La Posa, eneo la serikali la jangwani, ambalo kwa miaka mingi kibali chake kilikuwa dola 40 kwa siku 14, au dola 180 kwa msimu mzima wa 15 Septemba hadi 15 Aprili. Mchana hali ni nzuri, nyuzi joto 20 hivi, ila usiku hushuka hadi 5 au chini yake, na mtu wa pwani asiyebeba sweta nzito atateseka.

Mawe ghafi huuzwa kwa paundi, yaani gramu 454. Bei inayoonekana ya chini izidishe kwa 2.2 upate ya kilo kabla ya kuifurahia. Beba chupa ya kupulizia maji. Jiwe kavu lenye vumbi haliwezi kuhukumiwa. Lilowanishe uone rangi, kisha subiri likauke, kwa sababu nyufa hukauka mwisho na mistari yake hujitokeza. Akiki, jaspi na miti iliyogeuka mawe ni vya uhakika hapa, na akiki ya moto ni jiwe la jangwa hilihili. Penye shida ni feruzi na sitrini. Haulaiti, jiwe jeupe la bei nafuu, hutiwa rangi na kuuzwa kama feruzi. Pamba yenye asetoni ikitoka na ubluu, achana nalo. Kishada cha sitrini chenye ncha za rangi ya machungwa iliyoungua na shina jeupe ni amethisti iliyochomwa. Si kosa kuinunua, ila kwa bei ya amethisti.

Tuje kwenye mashine, ambako pesa nyingi huokolewa au kupotea. Zilizotumika huuzwa kwa bei nzuri, mara nyingi na wazee wanaoacha kazi. Shika shafti uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Zungusha bledi kwa mkono huku umesimamisha penseli karibu na ukingo wake: ikiyumba, imepinda na itapasua mabamba. Jiliwa la msumeno, yaani kibano kinachoshika jiwe, lisogezwe mwanzo hadi mwisho wa reli bila kukwama.

Kisha soma kibandiko cha mota. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Sisi volti 230 na hezi 50. Transfoma hushusha volti tu, haigusi hezi. Mota ya mizunguko 1,725 kwa dakika itazunguka kama mara 1,440 hapa kwetu, itapata joto, na siku ya kazi ndefu koili itaungua. Kwa hiyo nunua mashine ya mkanda, ambayo mota iko pembeni. Mota yake iache huko, funga ya kwetu ya hezi 50 ukifika, na puli ya mota iongeze asilimia 20, kwa mfano kutoka inchi 2.5 hadi 3, ili mwendo wa magurudumu urudi ulivyokusudiwa. Matundu ya kufungia mota hayatalingana, fundi atatoboa upya. Mashine ambayo magurudumu yamefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota ipite, hata ikiwa nzuri namna gani. Mota ndogo zenye brashi, kama za kuchongea kwa mkono, hazina tatizo, transfoma inazitosha.

Magurudumu ya almasi ya inchi 6 ndiyo mzigo bora wa begi. Seti kamili iwe na namba za chembe 80, 220, 280, 600, 1,200 na 3,000, namba ndogo ndiyo yenye kukwaruza zaidi. Usiruke 280: mikwaruzo ya 220 haifutwi na 600 bila kutoa jasho, na itaonekana jiwe likishang'aa. Msumeno wenyewe utasafiri kwa meli. Mwaga mafuta yake yote na uufute mpaka ukauke kabla haujafungwa. Waulize TBS na TRA mapema, ukitaja kifungu cha 8464 cha forodha, kinachohusu mashine za kufanyia kazi mawe.

Kuuza ni habari nyingine. Masharti ya viza kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo ulizia ubalozi wao pale Msasani kabla ya kulipia chochote. Hata viza ya biashara ya B-1 inaruhusu kujadiliana na kupokea oda, si kukaa mezani na kuuza rejareja. Oda inayofaa mji huu ni rubi ndani ya zoisaiti ya Longido, jiwe ambalo wakataji wa kule wanalijua na kulipenda. Beba sampuli zilizong'arishwa, zenye kibali cha Tume ya Madini, na upime unene wa kila bamba: milimita 5 hadi 6, sawasawa pande zote, maana bamba lenye upande mwembamba hurudishwa.