Rigi zangu 3, na karakana inayonitoa roho

Gemu yenyewe, ya vita vya meli mtandaoni, ni tamu, nisiseme uongo. Mapigano yanakwenda hata kwa pingi (ucheleweshaji wa mtandao) ya huku Moshi, ambayo jioni inacheza kwenye milisekunde 200 na ushee. Kinachonitoa roho ni karakana ya meli, na humo karakana ni kitu kimoja: rigi, yaani kifaa unachofunga kwenye meli kuiongezea uwezo.

Frigeti ya kuanzia, meli ndogo ya kivita, ina matundu (nafasi za kufungia vifaa) 3 ya juu ya silaha, 3 ya kati ya ngao na injini ya kasi, 2 ya chini ya mabamba. Matundu hayahami. Sasa piga hesabu: mizinga 3, kila mmoja unakula umeme 12, hiyo 36. Injini ya kasi 50. Ngao 14. Jumla 100. Meli inatoa ngapi? 99! Umepungukiwa yuniti 1, kama Luku inayokata saa mbili usiku. Ungetegemea uruhusiwe kugeuza tundu moja la juu liwe la chini, uweke jenereta. Hairuhusiwi. Inabaki rigi ya kuongeza umeme, na rigi ukishaifunga haitoki nzima. Kuitoa ni kuivunja.

Fundi wa Majengo akikufungia springi za kubebea ndizi kwenye Hiace, halafu kesho unataka za abiria akwambie zile ni za kukata kwa gesi tu, utarudi kwake?

Ila hilo ningelimeza. Ubaya zaidi, kitufe cha "Vunja" kinatokea palepale kilipokuwa "Angalia". Mtandao ukijikwaa nusu sekunde, unabonyeza tena ukidhani haijapokea, na bonyezo la pili linaangukia kwenye kuvunja. Rigi 3 zimekwenda hivyo. Nikawaandikia huduma kwa wateja, na picha za skrini juu. Jibu zima, kwa Kiswahili changu: "Kitendo kimefanywa na mchezaji." Hakuna salamu, hakuna pole. Konda wa stendi ana lugha nzuri kuliko hiyo.

Watetezi wa watengenezaji wanasema matundu yakiachiwa yahame kila mtu atarundika moduli moja, yaani kifaa cha aina moja, meli zote zifanane. Hofu ya kweli, lakini dawa yake ni ya zamani. Kwenye EVE Online, gemu nyingine ya meli, za anga, moduli nyingi zinazoongeza kitu kilekile zinaadhibiana: ya pili inafanya kazi kwa asilimia 87 hivi, ya tatu 57, ya nne 28. Ukirundika unajipunja mwenyewe, huhitaji kufungiwa milango. Rigi za huko nazo huvunjika, wasiseme napendelea, ila kwenye zile meli za vipande, strategic cruiser, tangu 2017 zinatoka nzima.

Mimi siombi uhuru wote. Tundu 1 la kugeuza kwa kila meli, lilipiwe kwa nguvu ya kompyuta ya meli. Rigi itoke kwa ada, hata nusu ya bei. Na hicho kitufe kihamishwe upande wa pili, kazi ya dakika tano.

Nilikuwa natoa nyota 1. Halafu apdeti ya juzijuzi ikaleta sehemu ya kujaribu mpangilio kabla ya kununua, nikalainika, nikapandisha hadi 3. Kumbe majaribio yenyewe hayahesabu rigi! Kitu pekee kisichorudishika ndicho wasichokuonyesha. 2, na hiyo ya pili ni ya mapigano.

Kwa mnaoendelea: funga injini na ngao kwanza, mizinga mwisho. Ikizidi, shusha mzinga mmoja daraja, uwe wa umeme 8, mnabaki kwenye 96 bila kugusa rigi. Na ukishabonyeza chochote karakana, toa mkono kwenye kipanya mpaka kale kaduara kaache kuzunguka.