Gemu za katuni za kucheza pamoja: ipi ununue kwanza na ipi uiache dukani

Fedha za mnada wa korosho zinapoanza kuingia, kuanzia Oktoba hadi karibu na mwisho wa mwaka, mjomba yeyote wa Mtwara hukumbukwa na wapwa zake, hata wale ambao hawajampigia simu tangu masika. Wapwa zangu watatu wanaoishi Mikindani walinijia mwaka mmoja, wakaniamkia shikamoo mara mbili mfululizo, ndipo mkubwa wao akasema: "Mjomba, tunaomba gemu ya Ninja Turtles, ile ya kucheza wote." Hiyo ni katuni ya kobe wanne wapiganaji wa kininja. Nilinunua diski ya PS4, yaani mashine ya gemu ya PlayStation 4, kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni ya watu wanne, na kweli juu ya kasha walichorwa kobe wanne wamejipanga. Tulipoiwasha, mtoto mmoja alicheza na wawili wakabaki mkekani wakisubiri zamu, kwa sababu wale wanne walioahidiwa walitakiwa kila mmoja awe na mashine yake, runinga yake na intaneti yake.

Tangu siku hiyo ninazipanga gemu za namna hii kwa kuanza na swali moja: je, watu wawili au zaidi wanaweza kukaa mbele ya runinga moja, kila mmoja na pedi yake ya kuchezea, wakacheza hadithi nzima bila bando? Neno "wachezaji 1 hadi 4" lililoandikwa mgongoni mwa kasha halitoshi kulijibu, maana linaweza kuwahusu wachezaji wa mtandaoni pekee. Na kwenye PS4 kucheza mtandaoni na wenzako kwa kawaida hudai pia uanachama wa kulipia wa PlayStation Plus, mbali na gharama ya intaneti yenyewe. Uzuri wa picha, urefu wa hadithi na umaarufu wa katuni nimeviweka baada ya swali hilo. Maoni ninayoyataja hapa ni ya wapwa zangu na ya vijana wa banda la gemu ninaloketi jioni pale Chikongola, ambao hawamwonei haya mtu wala gemu.

Nafasi ya kwanza ninaipa Teenage Mutant Ninja Turtles: Shredder's Revenge, na sioni mpinzani wake wa karibu. Ilitolewa Juni 2022 na Tribute Games ya Kanada, ikasambazwa na Dotemu ya Ufaransa, na imejengwa juu ya katuni ya mwaka 1987, kiasi kwamba waigizaji wa awali wa sauti za kobe wale wanne waliitwa tena kurekodi. Mchezo wenyewe ni wa kutembea kutoka kushoto kwenda kulia mkiwapiga maadui wanaojitokeza, katika sehemu 16, na unaweza kumchagua kobe yeyote kati ya wanne, au mwalimu wao Splinter, au mwandishi wa habari April O'Neil. Casey Jones hufunguka baada ya kumaliza hadithi. Sebuleni inapokea hadi wachezaji sita kwenye mashine za Xbox na Switch na kwenye kompyuta, lakini PS4 haipokei zaidi ya pedi nne, kwa hiyo mwenye PS4 ahesabu wanne.

Kinachoifanya ipendwe utakiona mwenzako anapoanguka. Namba huanza kuhesabu kurudi nyuma juu ya mwili wake, nawe unatakiwa umkimbilie na kumshikia kipande cha piza puani mpaka azinduke, huku maadui wakikuchapa mgongoni. Wapwa zangu hupiga kelele zaidi katika sekunde hizo kuliko wanapopambana na bosi, yaani adui mkubwa wa mwisho wa sehemu. Vilevile mchezaji mwenye uhai mwingi anaweza kumgongea mwenzake kiganja na kumgawia sehemu ya uhai wake, na nimeshuhudia ndugu wawili waliokuwa hawasemezani tangu asubuhi wakilazimika kugongeana viganja. Malalamiko pia yapo. Vijana wa bandani wanasema kwamba kitufe cha kumkejeli adui hujaza nguvu ya pigo kubwa kwa urahisi mno, hivyo aliyekwisha kukigundua hucheza kama mwenye ufunguo wa ghala, na wengine wanalalamika kwamba wachezaji wanapofika wanne kioo hujaa vurugu hadi mtu anampoteza kobe wake. Wazoefu huimaliza hadithi kwa saa mbili au tatu, jambo linalowaudhi wanaopenda gemu ndefu, ingawa nyongeza ya Dimension Shellshock ya mwaka 2023, inayouzwa peke yake, iliongeza wahusika na namna mpya ya kupambana kwa mizunguko. Jambo moja la kwetu: mnapoanza, chagueni aina ya mchezo iitwayo Story wala si Arcade, kwa kuwa Story huhifadhi mlipofikia kila mnapomaliza sehemu, na umeme ukikatika mtapoteza sehemu moja tu badala ya safari nzima.

Nitoke nje ya njia kidogo. Watoto wa pwani yetu wanaomfahamu kasa anayetaga Msimbati huuliza kila mara kwa nini hawa wa kwenye gemu wanaitwa kasa na baadhi ya watu ilhali wana vidole na wanatembea nchi kavu. Nimewaunga mkono, na ndiyo sababu humu ninawaita kobe.

Nafasi ya pili inakwenda kwa The Cowabunga Collection ya Konami, iliyotoka Agosti 2022 ikiwa na gemu 13 za zamani za kobe haohao ndani ya diski moja. Nyingi kati yake mtoto wa leo ataziona za kizee, na sitamlaumu. Mbili zinatosha kuhalalisha ununuzi: ile ya mashine za mitaani ya mwaka 1989 na Turtles in Time ya mwaka 1991, zote za wachezaji wanne kwa pamoja. Mashine zile ziliundwa kumeza sarafu, hivyo maadui hawana huruma, lakini mkusanyo huu unaruhusu kurudisha mchezo nyuma kwa sekunde kadhaa na kuhifadhi mahali popote, faida kubwa kwa nyumba ambayo LUKU huisha katikati ya pambano. Ningemnunulia mjomba mwenzangu kabla ya kumnunulia mtoto.

Ya tatu ni Cuphead, nayo ninaiweka hapa kwa maelezo maalumu. Haikutokana na katuni moja. Iliiga uchoraji wa katuni za Marekani za miaka ya 1930, ikachorwa kwa mkono picha baada ya picha, ikatoka mwaka 2017 na kufika PS4 mwaka 2020. Katuni yake ya runinga ilikuja baadaye, mwaka 2022, yaani mtoto alimzaa mzazi. Ni ya wachezaji wawili kwenye mashine moja tu. Ugumu wake ni wa kweli: karibu kila hatua ni bosi, na ukichagua kiwango rahisi cha Simple hutapewa mkataba wa roho ya bosi, kwa hiyo hutaweza kufika mwisho. Mwenzako akifa, roho yake hupaa polepole kuelekea juu ya kioo, nawe una nafasi fupi ya kuirukia na kuigusa ili arudi. Vijana wa bandani huiheshimu kuliko zote, lakini mpwa wangu wa miaka minane aliitupa pedi kwenye godoro baada ya nusu saa, na hajairudia. Inunue kwa walio na miaka 12 na zaidi, au kwa watu wazima wenye subira.

Kwa watoto wadogo wanaoipenda katuni ya Ben 10, nafasi ya nne ni Ben 10: Power Trip ya mwaka 2020, ambayo hugawa kioo mara mbili ili mmoja awe Ben na mwingine awe Kevin Levin. Si ngumu, haina kina, na mtu mzima atapiga miayo. Mtoto wa miaka saba hatapiga. Nyumba ambayo bado ina PS2, na hapa kwetu hazijaisha, iitafute Ben 10: Protector of Earth ya mwaka 2007, ambayo nayo inakubali wawili kwa pamoja na mara nyingi hupatikana kwa bei ya chini. Kumbuka tu kwamba PS4 haisomi diski za PS2 wala za PS3.

Ya mwisho katika zile ninazozikubali ni TMNT Arcade: Wrath of the Mutants ya mwaka 2024 (TMNT ni kifupi cha Teenage Mutant Ninja Turtles), iliyofuata katuni ya mwaka 2012. Inapokea wanne sebuleni bila intaneti, lakini ni fupi sana, na mapigano yake huwa yaleyale. Ikiwa muuzaji anataka bei inayokaribia ile ya Shredder's Revenge, mrudishie.

Sasa zile za kuachwa, kwa mtu anayetafuta kucheza pamoja. Mutants in Manhattan ya mwaka 2016 inaruhusu wanne, lakini mtandaoni tu, na iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni Januari 2017. Ukiiona, basi ni diski iliyotumika. SpongeBob: The Cosmic Shake ya mwaka 2023 na Transformers: Devastation ya mwaka 2015 ni gemu nzuri kwa mchezaji mmoja, na hazina nafasi ya wa pili kabisa. SpongeBob nyingine, Battle for Bikini Bottom Rehydrated ya mwaka 2020, huwachanganya wengi: wawili wanaweza kucheza, lakini katika sehemu ya pembeni ya kupambana na mawimbi ya maadui, hadithi yenyewe ni ya mtu mmoja.

Sijataja bei kwa sababu bei ya Mtwara mjini si ya Masasi, na ya Novemba si ya Aprili. Ninachosisitiza ni kutenga fedha ya pedi ya pili kabla ya kuchagua diski, kwa maana pedi bandia zimejaa, na nyingi huanza kumtembeza mchezaji zenyewe bila kijiti kuguswa. Muombe muuzaji aunganishe pedi zote mbili kwenye mashine yake, aweke diski, kisha mcheze naye dakika tano mkiwa wawili kabla hujatoa fedha. Muuzaji aliyeniuzia ile diski ya kwanza nilimwomba hivyo niliporudi msimu uliofuata. Alitafuta pedi ya pili chini ya kaunta kwa muda mrefu, hakuipata, nami nikavuka barabara kwenda duka la pili.