Darasa la dini la baada ya magharibi Mikindani, nendeni jamani

Nimehudhuria wiki 3 sasa na kwa kweli nimefaidika. Mimi na kaka angu tulikuwa hatusemeshani vizuri tangu Ramadhani sababu ya mwezi, yeye anafuata wa kimataifa mimi nasubiri uonekane huku kwetu, basi idi mbili nyumba moja, mama analia tu. Shehe akatufafanulia, nguzo 6 za imani na nguzo 5 za Uislamu hapo hamna mjadala, hizo shika kwa meno, ila kunuti, ile dua ya ndani ya swala ya alfajiri, sisi wa madhehebu ya Shafii tunasoma, wa Hanafi hawasomi na swala yao inasihi, tarawehe, swala ya usiku ya Ramadhani, rakaa 8 au 20 vilevile, na mwezi nao maulamaa wamekhitilafiana toka zamani, fuata unachoona kina dalili ila usimtoe mwenzio kwenye dini. Usiku uleule nkamwomba kaka radhi.

Ada hakuna, kinamama wana sehemu yao. Kasoro ni muda, isha inaingia watu bado wana maswali, na spika inakoroma sisi wa nyuma hatusikii. Tunaomba waongeze siku, alhamisi peke yake haitoshi.