Uzoefu wangu: kayaki ya maji makali kwa mtu wa kilo 112

Nianze na namba tusipotezeane muda. Nina kilo 112 bila nguo, urefu wa kawaida tu, kifua na tumbo ndo vimebeba mzigo mwingi, na mapaja sio madogo. Naulizwa sana kayaki gani ya mtoni, yaani ya maji makali yenye mawe na maporomoko, inamfaa mtu wa mwili huu, na jibu ambalo watu wengi huwa wanapewa ni "chukua size kubwa" basi imeisha, ambalo si uongo ila ni nusu ya jibu. Mi nimekalia za kati, nimekalia kubwa, nimepiga kasia kwenye mtumbwi wazi pia, na ninayotumia sasa ina ujazo wa lita 340 hivi, tumbo lake la chini limeviringika, omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) zote zimepinda kwenda juu. Naipenda. Ina mambo yake pia, nitayasema.

Kwanza ile karatasi ya mtengenezaji, mfano inasema kilo 70 mpaka 115. Wazito wote macho yanaenda kwenye namba ya juu, ukiona umo ndani unafurahi. Sasa ile namba ya juu maana yake kayaki bado itaelea na utafika unakoenda, haimaanishi kwamba itageuka na kupanda mawimbi jinsi aliyeichora alivyotaka, hiyo raha iko katikati ya hizo namba. Halafu kuna kampuni zinahesabu mtu peke yake na nyingine zinahesabu mtu na vifaa vyake, kwa hiyo uliza. Na uzito wako wa ukweli sio ule wa kwenye mizani asubuhi, ni wewe ukiwa na helmeti, laifu jaketi, sketi ya kuzuia maji, viatu, nguo zimelowa, kamba ya uokoaji, maji ya kunywa, vyote hivyo kwangu vinafika kilo 8 mpaka 10 bila hata kubeba kitu cha anasa.

Fanya hesabu ndogo, haihitaji uinjinia. Kitu kinachoelea kinasukuma maji yenye uzito sawa na wake, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mimi 112, vifaa 10, kayaki yenyewe 22, jumla 144, kwa hiyo lita 144 za kayaki lazima ziwe chini ya maji nipende nisipende. Kwenye kayaki ya lita 270 hiyo ni zaidi ya nusu. Rafiki yangu wa kilo 70 akikaa humohumo na vifaa vya kilo 8, anazamisha lita 100 tu, kama asilimia 37. Ili mimi nielee kama anavyoelea yeye nahitaji kayaki ya lita karibu 390, na za hivyo ni za kutafuta kwa tochi. Ndo maana nasema sisi wazito hata kwenye size kubwa kabisa mara nyingi tunakaa chini kidogo kuliko mwepesi kwenye size yake, hilo likubali mapema, litakusaidia kuchagua umbo, maana kama kukaa chini lazima ukae basi tafuta kayaki inayovumilia kukaa chini.

Hapo kwenye umbo ndo pana utamu wa habari nzima na ndo watu hawapasemi. Tumbo la chini la kayaki liko la aina mbili kubwa, bapa lenye kingo kali pembeni, na la mviringo lenye kingo laini. La bapa linateleza juu ya wimbi vizuri, linakata kona, mtu mwepesi analipenda sana. Ila zile kingo zimewekwa kwa hesabu kwamba zitakuwa karibu na usawa wa maji au juu yake kidogo. Ukiizidishia uzito, kingo zinazama.

Nitoe mfano wa kayaki moja ya kukodi, ya lita 270 hivi, tumbo bapa, mwenye nayo ananiambia "hiyo inabeba hata 120 bosi, kaa tu". Nikakaa kwenye maji yaliyotulia nikachungulia ubavuni, ule mstari wa ukingo uko chini ya maji vidole viwili vizima, kwenye kayaki hiyohiyo akikaa jamaa mwepesi unauona juu. Sawa. Tukaingia mtoni, natoka kwenye edi (yale maji ya nyuma ya jiwe yanayozunguka kurudi juu) kuingia kwenye mkondo mkuu, nimeinamisha kayaki kuelekea upande wa chini wa mto kama inavyotakiwa, nimepiga kasia, na bado ukingo wa upande wa juu wa mto umebaki ndani ya maji, mkondo ukaukalia na kuuvuta chini, na kabla kasia la pili halijagusa maji nikawa kichwa chini miguu juu. Mara ya pili vilevile, nimeinamisha hadi kiwiko kinalowa. Mwalimu yeyote akikuona toka ng'ambo atasema hujainamisha vya kutosha, na kwa mtu wa kilo 70 angekuwa sahihi kabisa. Kuna wazito wengi wamekaa miaka wakiambiwa mbinu zao mbovu kumbe wamekalia kayaki ya mtu mwingine.

Kwenye hii yangu ya lita 340 yenye tumbo la mviringo, kutoka edi ileile, mwinamo wa kawaida tu unatosha, ukingo hauna kitu cha kushikwa. Inachonidai ni kasi, maana mviringo haukai juu ya wimbi muda mrefu ukitaka kucheza, na kwenye mikondo myembamba inabidi nianze kugeuka mapema. Kwangu hiyo ni biashara nzuri.

Sasa angalia tezi. Zile za kisasa ambazo omo imejaa ila tezi imebanwa bapa ili uizamishe kwa makusudi uchezee, ni tamu, nimezikalia, lakini kwa uzito wangu tezi haisubiri makusudi. Ukishuka kaporomoko kadogo tu maji yanaikalia tezi, omo inapaa, unaangalia mawingu. Kama ndo kayaki yako ya kwanza na una zaidi ya kilo 100, hiyo iache kwanza, au iwe ya pili ya kuchezea. Ujazo mzuri kwetu ni ule uliopo nyuma ya kiti, sio namba ya jumla tu, kwa sababu kayaki mbili za lita 330 moja inaweza kuwa imerundika ujazo wote mbele.

Halafu majina ambayo kampuni zinazipa kayaki zao yanachanganya. Wavesport walikuwa na Diesel 80, Liquidlogic wakatoa Remix 79 na Stomper 90, hizo namba ni galoni za Marekani, zidisha kwa 3.785 upate lita, kwa hiyo 80 ni kama lita 303 na 90 ni kama 341. Ukija kwa Dagger, Mamba 8.6 hiyo ni futi 8 na inchi 6, urefu, haina uhusiano na ujazo. Pyranha kwenye Machno wakaweka S, M, L kama mashati. Mtu anayelinganisha kwa majina tu anaweza kuamini 90 ni kubwa mara kumi ya 8.6. Fungua ukurasa wa vipimo, andika lita na uzito unaopendekezwa, kisha linganisha.

Na kubwa zaidi sio bora zaidi siku zote. Mtu wa kilo 85 akisikia mabonge tunasifia lita 340 na yeye akaichukua, itaelea kama dumu tupu, upepo unaisukuma, kuiinamisha na kuishikilia kwenye ukingo ni vita, na ndani ataogelea kwenye kiti. Kwenye mito mikubwa ya maji mengi kama Zambezi chini ya Victoria Falls ujazo mwingi unakuibua haraka pale wimbi linapokufunika, ila kijito chembamba chenye mawe kinataka uiongoze, sio ielee tu. Kama uko kilo 90 hivi, size ya kati kubwa ya umbo la mviringo jaribu kabla hujaruka.

Tuje ndani ya kayaki, maana unaweza kupata ujazo sahihi halafu mwili usiingie. Nyonga kwanza. Zile pedi za nyonga nyingi zinatoka, au zina vipande vya sponji unavyopunguza kimoja kimoja, mimi nimetoa vyote kasoro kimoja kila upande. Usiache pengo kubwa kwa kuogopa kubanwa, kayaki inaongozwa na nyonga, ukiwa unateleza ndani unatumia mikono kwa kazi ambayo sio yake. Miguu: namba 46 na viatu, kwenye kayaki nyingi omo inashuka haraka na vidole vinabanwa, ingia ukiwa na viatu vyako vya majini, sio peku. Mapaja manene yanataka tundu la kukalia liwe refu ili goti litoke kirahisi. Na hili la goti halina mjadala: vaa sketi, nenda maji yaliyotulia yenye kina, mtu asimame pembeni yako, pinduka, vuta kile kitanzi cha mbele cha sketi, toka. Kama mapaja yamekwama hata kidogo hiyo kayaki sio yako, hata kama lita zimekaa vizuri vipi.

Tumbo nalo. Mkanda wa mgongo ukiukaza sana unakusukuma mbele, tumbo linakutana na mapaja, unashindwa kuzungusha kiwiliwili, na bila kuzungusha kiwiliwili hakuna kujiinua ukipinduka. Wenzangu wengi wanaamini kujiinua ni nguvu, aisee sio, ni nyonga na kuchelewesha kichwa kitoke mwisho. Mi naukaza wa kushika mgongo tu, na kujiinua kumekuwa kwepesi kuliko nilivyodhani kwa kayaki pana namna hii, mbavu za mviringo zinazunguka zenyewe. Sketi ina vipimo viwili, kimoja cha tundu la kayaki na kingine cha kiuno, mwenye duka anakuuliza cha kwanza anasahau cha pili, unafika mtoni sketi inakukaba pumzi.

Kiti kinasogea mbele na nyuma, wengi hawakigusi. Sisi uzito uko juu kwenye kiwiliwili, kwa hiyo kiti kikibaki pale kilipotoka kiwandani mara nyingi tezi inazama. Kaa majini, mwambie mtu akupige picha ya ubavuni kutoka usawa wa maji, sio kutoka juu ya ukingo wa mto, halafu angalia picha. Yangu ilionyesha tezi iko chini, nikasogeza kiti mbele sentimita mbili tatu na kibao cha miguu nacho nikakisogeza, kayaki ikaacha ile tabia ya kuburuza nyuma. Haijanigharimu kitu zaidi ya bisibisi. Kasia pia, kayaki pana inataka refu kidogo, natumia sentimita 200, nikishika ya 194 nagonga ubavu wa kayaki.

Laifu jaketi usitafute ya kuelea sana kwa sababu wewe mzito, mafuta ya mwili yanaelea yenyewe, tafuta inayokaa kifuani bila kupanda mpaka masikioni mtu akiivuta mabegani. Ila mifuko ya hewa ya nyuma ya kiti weka, tena mikubwa. Kayaki ya lita 340 ikijaa maji ni zaidi ya kilo 300 inayoteremka na mto, hakuna rafiki wa kuivuta hiyo pembeni, na rafiki tayari ana kazi ya kukuvuta wewe.

Mtumbwi wazi nao, kwa kifupi. Nafasi ipo, nyonga na tumbo vinapumua. Tatizo ni magoti, unapiga magoti muda wote na uzito wote uko pale na kwenye vifundo, ukikipandisha kiti ili magoti yapumue unakuwa juu na mtumbwi unayumba. Na mzito ukingo wa juu unakuwa karibu na maji, kila wimbi linaingiza, lita 60 ndani ni kilo 60 umeongezewa bila kuombwa. Chagua mrefu na mpana kidogo, jaza mifuko ya hewa mbele na nyuma. Ukikuta wa Royalex umetumika, jua hiyo malighafi iliacha kutengenezwa 2014, kampuni ya Esquif wakaja na malighafi yao ya T-Formex kuziba pengo, kwa hiyo wa Royalex wote ni wa zamani, kagua omo na tezi zilivyosagika.

Kwa kayaki iliyotumika mzito ana kazi ya ziada. Igeuze, bonyeza chini ya kiti kwa goti, ikibonyea na kubaki imebonyea plastiki imechoka, na ukiona michirizi myeupe pale jua imeanza kufikiria kupasuka. Angalia nguzo ya katikati inayozuia juu na chini visikutane, itikise, isicheze. Boliti za kiti zote ziwepo. Kisha muulize muuzaji ana kilo ngapi, maana ikiwa aliyeitumia alikuwa na 65 na kiti tayari kinalia, wewe ukikaa itaenda kuisha mtoni.