Kizimba cha Kashata: uzoefu wangu wa kumhamisha mbwa kutoka Kampala hadi Uholanzi

Kizimba ninachokiandikia hapa ni cha plastiki ngumu, kina mlango wa chuma, na nilikinunua kwa shilingi 480,000 za Uganda kutoka kwa familia iliyokuwa inahama Bugolobi. Leo kiko sebuleni kwangu Utrecht. Mlango nimeung'oa, na Kashata analala humo kila usiku kwa hiari yake. Watu wa Kampala wanaotaka kuhama na mbwa wao wakinipigia simu huanza na karatasi: cheti gani, ofisi ipi, muhuri wa nani. Ni haki yao, maana bila karatasi hakuna safari. Lakini usiku ule, mbwa akiwa tumboni mwa ndege, karatasi haziwezi kumtuliza. Kinachomtuliza ni kizimba anachokijua kama anavyoujua mkeka wake.

Kashata ni mbwa wa kienyeji, wa rangi ya nazi iliyokaangwa, ndiyo maana ya jina. Nilimkuta akiwa mtoto nyuma ya kibanda cha rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, pale Kansanga, tumbo limejaa minyoo. Sasa ana miaka minne na kilo 16, na masikio yake yamesimama kama pembe. Masikio hayo yashikeni, nitayarudia.

Wakala wa kwanza wa kusafirisha wanyama niliyemwendea aliniuliza swali moja tu kwa simu: mbwa ana kilo ngapi? Nikamtajia. Kesho yake akaleta kizimba cha urefu wa sentimita 71 akasema kinatosha kabisa, mbwa wa kilo hizo wote huwekwa humo. Kashata aliingia kwa kuinama. Akisimama, ncha za masikio zinagusa paa. Akijigeuza, mkia unabanwa. Nilimwamini wakala kwa wiki nzima, nikamlipa na malipo ya awali ambayo hayakurudi, mpaka daktari wetu wa mifugo alipofika nyumbani na tepu ya fundi cherehani mfukoni.

Kilo hazipimi kizimba. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinataka mbwa apimwe akiwa amesimama. Unachukua urefu kutoka puani hadi shina la mkia, kisha kutoka sakafuni hadi kiwiko cha mguu wa mbele, kisha upana wa mabega, kisha kimo hadi utosini au ncha ya sikio, kutegemea kilicho juu zaidi. Urefu wa kizimba ni kipimo cha kwanza ukijumlisha nusu ya cha pili. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni cha mbwa pamoja na unene wa matandiko. Kashata alitoka sentimita 62, 26, 19 na 54. Yaani alihitaji urefu wa 75, upana wa 38 na kimo cha 57, tukihesabu sentimita tatu za matandiko. Na vipimo hivyo ni vya ndani. Kile cha Bugolobi kimeandikwa 81 kwa 57 kwa 61, lakini nilipoingiza tepu ndani, kimo kilikuwa 58. Tulipona kwa sentimita moja. Mwenye mbwa wa pua fupi, kama bulldog au pug, anatakiwa kizimba kikubwa zaidi ya hesabu hiyo kwa asilimia 10, na aulize mapema kama shirika lake linawabeba kabisa.

Kabla ya kupata hicho cha Bugolobi nilifika Katwe, maana Kampala ukitaka kitu cha chuma unaanzia Katwe. Fundi alinisikiliza vizuri, akachora kwa chaki sakafuni. "Nyabo (yaani mama), nikikuchomelea cha wavu wa chuma, hata chui hatoki." Ningelipa nusu ya bei. Bahati nzuri nilikuwa nimeshasoma kwamba kizimba cha wavu mtupu pande zote hakikubaliki kwenye ndege: kucha na meno hunasa, na mnyama anatakiwa awe na kuta zinazomkinga, penye matundu ya hewa pande zote nne. Nilimweleza, akaelewa, na mwishowe yeye ndiye aliyenifanyia kazi muhimu kuliko zote. Vizimba vingi vya plastiki huja na vibanio vya plastiki vya kuunganisha nusu ya juu na ya chini. Ndivyo vinavyofyatuka mzigo ukigongwa. Yule fundi alitoboa pembeni kote akafunga bolti nane za chuma zenye nati na washa, kwa shilingi 20,000, akang'oa na vigurudumu vya chini, kwa sababu kizimba kinachojiviringisha chenyewe hakipandi ndege.

Sasa muda. Uganda haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazipa njia fupi kwenye masharti ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa, kwa hiyo njia yetu ni ndefu na haina mkato. Kwanza chipu ya utambulisho, ya tarakimu 15, chini ya ngozi. Baada ya chipu, chanjo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, na rafiki yangu wa Ntinda alilazimika kuanza upya kwa kosa hilo la mtu mwingine. Siku 30 zipite, ndipo damu itolewe na kupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Yetu ilikwenda Ujerumani. Kinga inatakiwa ifike angalau 0.5 kwa kipimo chao. Ikifika, unasubiri miezi mitatu kamili, na inahesabiwa tangu siku damu ilipotoka, si siku majibu yalipokuja.

Miezi hiyo mitatu watu huichukia. Mimi pia niliichukia siku za mwanzo, maana mume wangu alishatangulia na kazi ilikuwa inaningoja. Baadaye niliona kwamba bila ile miezi mitatu ningempandisha Kashata ndege akiwa na hofu. Kizimba tulikileta nyumbani wiki ileile damu ilipotolewa.

Wiki ya kwanza tuliweka nusu ya chini tu, bila paa wala mlango, kama beseni kubwa pembeni ya jikoni. Chakula chake chote kiliwekwa humo. Mazoezi tulimlipa kwa mukene, wale dagaa wakavu wa ziwa, kimojakimoja. Jikoni palinuka mwezi mzima, na sijutii. Mlinzi wetu, mzee wa Arua ambaye Kiswahili chake amekipata jeshini, ndiye aliyemfundisha neno. Alisema, "Dada, mbwa apewe amri moja, fupi, na watu wote waseme hiyohiyo." Tukachagua "ingia". Mtoto wa jirani alizoea kumwambia "genda", yaani nenda kwa Kiganda. Tulimwomba naye aseme "ingia".

Wiki ya pili tukaweka paa. Ya tatu tukarudisha mlango lakini tukaufunga kwa kamba uwe wazi, usije ukambamiza. Kufunga tulianza kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha dakika moja, kisha muda wa kunywa chai, na kila mara nilifungua akiwa ametulia, kamwe si akiwa analia. Hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika. Moyo unakuambia fungua. Ukifungua akilia, umemfundisha kwamba kilio ndicho ufunguo.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza nilifanya haraka. Alikuwa amelala humo saa moja mchana bila shida, nikaona usiku huo nifunge mpaka asubuhi. Saa tisa usiku ikaja mvua ya Kampala, ile ya radi zinazotikisa madirisha, na umeme ukakatika. Nilipomfikia alikuwa ameng'oa ukucha mmoja kwenye wavu wa mlango na mate yamelowesha kifua chote. Siku nne hakukisogelea kizimba. Nilikaa nacho sakafuni, paa limeondolewa, nikiweka mukene kwenye ukingo, halafu ndani kidogo, halafu ndani zaidi. Tulirudi nyuma wiki tatu nzima, na kama tarehe ya safari ingekuwa karibu, sijui ningefanya nini. Ndiyo sababu nawasihi watu wasinunue kizimba wiki mbili kabla ya ndege.

Kelele tulizizoesha moja moja. Mvua kwenye mabati ya banda la jirani tuliitumia kama mwalimu: ikianza kunyesha, Kashata anapata mfupa ndani ya kizimba. Tulikaa karibu na sehemu ya kuosha magari yenye jenereta. Tulimpakia kwenye pikapu, kizimba kimefungwa kamba, tukapita barabara zenye mashimo mpaka akaacha kutetemeka. Jumapili mbili tulikwenda Entebbe, tukaegesha upande wa ziwa ndege zinakopita chini, tukala samaki wetu taratibu huku yeye amelala kwenye kizimba chake nyuma, mlango umefungwa. Ndege ya kwanza alisimama. Ya tatu aliinua kichwa tu. Nilitokwa na machozi pale, sikuona haya.

Vidonge: yule wakala wa kwanza alinipa pakiti, eti kila mteja wake humpa mbwa viwili kabla ya uwanja. Daktari wangu alikataa katakata. Dawa za usingizi hushusha shinikizo la damu, hupunguza uwezo wa mbwa kujishikilia kizimba kinapoinama, na huko juu hakuna wa kumwangalia akianza kupumua vibaya. Mashirika mengi humkataa mnyama aliyelewa dawa pale pale kaunta.

Cheti cha afya hutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kufika Ulaya, na lazima kipigwe muhuri wa daktari wa serikali, kwetu ni Wizara ya Kilimo, Entebbe. Nendeni asubuhi na nakala mbili za kila kitu.

Siku ya safari alikula kidogo mchana, saa kadhaa kabla, na tulitembea sana jioni. Ndani nilitandika kile kitambaa cha kufyonza wanachotandikiwa wagonjwa hospitalini, juu yake kitenge nilichokuwa nalala nacho wiki nzima bila kukifua. Bakuli la maji lililofungwa mlangoni nililigandisha kwenye friza tangu jana yake, ili yasimwagike yote wakati wa kupakia na barafu iyeyuke polepole. Stika za wanyama hai, mishale ya upande wa juu, jina lake na namba yangu ya simu. Nilibeba pia tai za plastiki za kufungia nyaya, za kukaza pembe za mlango baada ya ukaguzi.

Na ukaguzi ndio uliokuwa mtihani wenyewe. Pale Entebbe kizimba kilipitishwa kwenye mashine kikiwa kitupu, kwa hiyo ilibidi Kashata atolewe. Usiku, taa kali, masanduku yanaburutwa, watu mia. Nilimshika kamba fupi nikahisi moyo wake unavyokimbia. Kizimba kilipotoka upande wa pili, ofisa mmoja akaja kutusaidia kumsukuma ndani, nikamwomba asubiri kidogo. Nikasema "ingia". Akaingia, akajigeuza mara moja, akalala juu ya kitenge. Yule ofisa akacheka kwa furaha, akawaita wenzake waje kuona. Kwenye mzani, mbwa na kizimba vilikuwa kilo 24.

Amsterdam nilisubiri karibu na mlango wa mizigo mikubwa kwa dakika arobaini zilizokuwa kama siku. Alikuja mkavu, kitenge hakikuchanika, barafu imeyeyuka na nusu ya maji imenywewa. Forodha walisoma chipu, wakalinganisha tarakimu na cheti, wakaangalia majibu ya damu. Basi.

Kasoro za kizimba nisizifiche. Mlango wake una springi ngumu sana, kuufungua kwa mkono mmoja ni taabu, na bakuli lililokuja nacho ni dogo mno, nilinunua jingine. Vibanio vya kiwandani visingefika popote. Ila plastiki yenyewe ni nzito, haina ufa hata mmoja baada ya pikapu, mashimo na ndege, na pini za mlango zinaingia ndani ya fremu vizuri. Ningekinunua tena kwa bei ileile, cha mtumba vilevile, ilimradi bolti zifungwe na tepu ipite ndani kwanza. Bolti zake nane bado zipo. Nimezilegeza tu mwezi huu kuosha ndani, na Kashata alisimama pembeni muda wote akisubiri nimrudishie paa.